Wiki za Mwanzo za Udaktari Si Mzigo wa Mwanafunzi Peke Yake

Kila vyuo vikuu vinapofungua mwaka mpya wa masomo, macho ya wengi wetu huwaelekea vijana waliomaliza Kidato cha Sita. Wazee wao huwaombea dua, jamaa huwasindikiza, na majina yao hutajwa barazani kwa fahari. Ni haki yao, wala hatuna kinyongo nao. Lakini katika foleni hiyo hiyo ya usajili husimama watu wa namna nyengine, ambao hakuna anayewapiga picha. Hao ni watu wazima. Wengi wana wake au waume na watoto, na kila mmoja ana cheti cha chuo kabatini tangu miaka iliyopita. Mmoja ni mwalimu wa bayolojia mwenye shahada ya sayansi, mwengine ni mtaalamu wa maabara, na yupo tabibu aliyekuwa akiendesha kituo cha afya cha kijijini kwao mpaka wiki iliyopita. Wote wamekuja kuanza upya, mwaka wa kwanza, masomo ya udaktari.

Tunapenda leo kuwazungumzia hawa, na hasa kuzizungumzia wiki zao sita au nane za mwanzo. Sisi tunaamini kwamba ni katika wiki hizo ndipo nchi inapompata daktari au inapompoteza, na kwamba anapopotea, mara nyingi hapotei kwa upungufu wa akili. Hupotea kwa sababu ya mambo ambayo ofisi zetu zingeweza kuyatengeneza kwa barua moja na muhuri.

Itakumbukwa kwamba tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Serikali iliyoongozwa na Marehemu Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila ya malipo. Kabla ya hapo, mtoto wa visiwani aliyetamani kuwa daktari alihitaji kwanza mzazi mwenye uwezo, kisha safari ya mbali, kama vile kwenda Makerere, ambako masomo ya tiba yalianza mwaka 1924. Baada ya Mapinduzi tuliwapeleka vijana wetu katika nchi rafiki, wakasoma, wakarudi, wakafanya kazi katika hospitali ambayo wakati huo ikiitwa V. I. Lenin na ambayo leo ni Mnazi Mmoja. Kisha mwaka 2007, kwa msaada wa ndugu zetu wa Cuba na chuo chao cha tiba cha Matanzas, masomo ya udaktari yakaanza kufundishwa hapahapa Unguja, na mwaka 2013 tukaliona kundi la kwanza likihitimu. Hatua hiyo ni kubwa, na asiyeiona ni yule asiyetaka kuona.

Wale waliosoma katika Urusi ya Kisovieti watalikumbuka jambo moja ambalo tunaona halijasemwa vya kutosha. Hawakutiwa darasani siku waliyoteremka kwenye ndege. Mwanafunzi mgeni aliwekwa kwanza katika kitivo cha matayarisho, kwa kawaida mwaka mzima, akafundishwa Kirusi pamoja na istilahi za kemia, fizikia na bayolojia, na akaonyeshwa namna ya kuishi katika mji asiouzoea. Nchi ile, pamoja na shida zake zote, ilielewa kwamba mtu hawezi kusoma mifupa ya mkono huku hajui atalala wapi. Sisi leo tuna vyuo vyetu wenyewe, lakini mtu mzima anayeingia humo hupewa siku chache za kuonyeshwa maktaba na mahali pa kulipia ada, kisha huachwa aogelee.

Kwengine duniani jambo hili limefanyiwa mpango maalumu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipofungua skuli yake ya tiba mwaka 1893 kilitaka kila anayeingia awe na shahada kwanza, na utaratibu huo ukaja kuwa wa kawaida katika nchi nzima. Australia ilianza njia ya wenye shahada mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Flinders, na Uingereza ikafuata mwaka 2000 kwa masomo ya miaka minne. Kwetu njia ya kawaida ni miaka mitano ya darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi chini ya uangalizi, na mtu mzima huipita njia hiyo bega kwa bega na kijana wa miaka 19. Hatusemi miaka hiyo ipunguzwe. Hilo ni la wataalamu. Tunalolisema ni kwamba watu wawili wasiokuwa na mzigo mmoja wasidhaniwe kuwa wanao kwa sababu tu wamekaa kwenye benchi moja.

Na tuseme wazi ni nini kinachomkuta mtu huyu. Wiki ya kwanza hukutana na anatomia, fiziolojia, biokemia na histolojia kwa pamoja. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na hakuna mfupa unaosomwa kwa jina lake tu: kila mmoja una matuta yake, matundu yake, na mahali panaposhika msuli. Zipo jozi 12 za neva zinazotoka kichwani, na kila jozi ina njia yake na kazi yake. Lipo lile fungu la neva linaloshuka kutoka shingoni kupitia kwapani hadi mkononi, lililoachana na kuungana mara kadhaa kama ukili unaosukwa, ambalo mwanafunzi hutakiwa kulichora kwa mkono bila ya kutazama kitabu. Majina mengi ni ya Kilatini na Kigiriki, mhadhara ni wa Kiingereza, na msikilizaji amekuwa kwa miaka kumi akizungumza na wagonjwa, wanafunzi au wakubwa wake kwa Kiswahili. Kabla hajamaliza kuandika ukurasa mmoja, mhadhiri yuko wa tatu. Na jaribio la kwanza halingoji mtu azoee.

Kila mmoja ana mtego wake. Mwenye shahada ya kemia huiona biokemia ni ndugu yake wa zamani, akastarehe, kisha anatomia ikamkamata. Mwalimu anajua kufundisha, lakini ameshasahau namna ya kufundishwa; hukaa darasani akimhukumu mhadhiri badala ya kumsikiliza. Lakini aliye katika hatari kubwa zaidi ni tabibu, kwa sababu yeye anadhani amekwisha kuyajua. Amezalisha, ameshona majeraha, amemwokoa mtoto mwenye degedege usiku wa manane kwa taa ya mkononi. Leo anaulizwa ni kwa nini dawa ile aliyokuwa akiitoa kila siku huteremsha homa, na hana jibu. Na kijana aliye pembeni yake, ambaye hajapata kushika mkono wa mgonjwa, analo. Huko kijijini alikuwa akiitwa daktari. Hapa anaitwa kwa namba ya usajili.

Jambo hili la cheo huumiza kuliko wengi wanavyokiri. Kuna watu ambao wameacha masomo na kurudi makazini mwao wakisema chuo hakina utaratibu, na ukweli ni kwamba hawakuweza kuvumilia kushindwa mbele ya watoto. Sisi hatuwacheki, kwa sababu heshima ya mtu mzima katika visiwa hivi ni kitu kilichojengwa kwa miaka, nacho hakivuliwi kama kofia. Lakini tunawaambia, kwa udugu, kwamba kijana yule anayejibu upesi si adui. Anahitaji kufundishwa namna ya kuzungumza na mama mwenye haya, naye ana la kukufundisha katika biokemia. Vyuo vingefanya vyema sana kuwapanga katika vikundi vya kujisomea kwa makusudi, mkubwa na mdogo, badala ya kuwaacha wakubwa wakae nyuma peke yao wakinong'ona kama wajumbe wa kamati waliochoka.

Kwani utajiri walionao ni mkubwa, na tunaogopa kwamba hauhesabiwi. Mgonjwa wa Kojani au wa Makunduchi haji hospitali na majina ya vitabuni. Huja na mshipa, na chango, na kichomi, na safura, na moyo unaomwenda mbio. Na kila neno katika hayo lina maana zaidi ya moja kutegemea ni nani anayelisema na amekaa na nani chumbani. Mzee akisema ana mshipa, pengine ni ngiri, pengine ni busha, pengine ni maumivu ya mgongo tu, na pengine ni jambo ambalo hataki mkwewe alisikie. Kijana atajifunza haya kwa miaka. Muuguzi aliyekaa miaka tisa katika kituo cha kijijini anayajua siku ya kwanza, na akifanikiwa kuuvuka mwaka wa kwanza atakuwa daktari ambaye hatahitaji mkalimani katika nchi yake mwenyewe.

Sasa tuje katika njia ya kusoma yenyewe, maana hapo ndipo msaada ulio karibu usioonekana. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kuhifadhi na kusahau. Alihifadhi silabi zisizo na maana, akajipima baada ya dakika, saa na siku. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tuliyohifadhi hutuponyoka mapema sana, ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kinachoyarudisha na kuyaimarisha ni kuyarudia kwa vipindi vilivyoachana, si kukaa nayo usiku mmoja mpaka alfajiri. Wataalamu wa elimu wamelithibitisha hilo mara nyingi tangu wakati wake, na wanafunzi wa tiba duniani kote leo hutumia kadi na programu za simu zilizojengwa juu ya msingi huo.

Mwalimu wa chuo katika vijiji vyetu hakupata kumsikia Ebbinghaus. Lakini hakumpa mtoto aya mpya mpaka amesoma ya jana, na ya juzi, na akarudishwa mwanzo wa juzuu bila ya kutarajia. Kudurusu ndiko kulikokuwa msingi wa kazi yake yote. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tunalijua hilo, na migongo yetu inalijua zaidi. Inashangaza basi kumwona mtu aliyehifadhi juzuu kadhaa akiwa na miaka minane akikata tamaa mbele ya neva 12, ati kwa sababu yeye ni mtu mzima na kichwa kimekuwa kizito. Kichwa hakijawa kizito. Alipokuwa akisoma shahada yake ya kwanza alizoea kuelewa jambo mara moja na kuliandikia insha, na njia hiyo haitoshi hapa. Arudi katika njia ya chuoni: asome kidogo kila siku, ajisomeshe kwa sauti kitabu kikiwa kimefungwa, arudie ya juzi kabla ya kugusa ya leo. Asingoje wiki ya jaribio. Wengi walioanguka katika jaribio la kwanza hawakuwa wavivu. Walikuwa wakinakili madaftari mazuri usiku kucha, kazi ambayo inamchosha mtu na kumpa moyo wa uongo kwamba amesoma.

Kuna jambo jengine ambalo huzungumzwa kwa minong'ono, na sisi tunaona ni bora lizungumzwe waziwazi. Ni kuingia katika chumba cha maiti. Mtu aliyelelewa katika visiwa hivi amefundishwa kwamba maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa upesi, na kwamba mwili wake una hishima kama alivyokuwa hai. Ghafla anasimama mbele ya mwili uliolala juu ya meza, harufu ya dawa inamchoma macho, na anapewa kisu. Kijana wa miaka 19 hushtuka, kisha mara nyingi huzoea. Mtu mzima ambaye amekwisha kumwosha baba yake kwa mikono yake mwenyewe hushtuka kwa namna nyengine, na pengine hulala usiku huo akiwaza kama amekosea njia.

Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha mafunzo haya kwa sababu ya haja iliyopo, kwa sharti la kuhifadhi hishima ya maiti na kutochukua zaidi ya kinachohitajika. Wala elimu ya tiba si kitu kilichotujia kwa meli ya wakoloni: Qanun ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa, na Ibn al-Nafis wa karne ya 13 alieleza namna damu inavyopita katika mapafu kabla Ulaya haijalijua hilo. Lakini mwanafunzi aliyetetemeka hatulizwi kwa historia. Hutulizwa na mtu aliyemtangulia, akamwambia nini atakiona kabla hajakiona, akamruhusu kutoka nje na kurudi. Itakuwa ni jambo jema iwapo vyuo vitamwalika, katika wiki hiyo ya kwanza, sheikh mwenye kuifahamu mas-ala hii pamoja na daktari mkongwe, wakae na wanafunzi kwa saa moja. Gharama yake ni chai.

Tukitoka nje ya chuo, tunayakuta mambo ya nyumbani, na hapa lawama ni yetu sote. Unguja ni ndogo na Pemba ni ndogo. Kila wiki kuna harusi, kuna khitma, kuna mgonjwa wa kutazamwa na mkutano wa mtaa. Mtu mzima asipoonekana, husemwa. Husemwa kwamba amejivuna, kwamba anajifanya daktari na hata hajawa. Basi mwanafunzi wetu hutumia Jumamosi nzima katika shughuli ya binamu wa mkewe, Jumapili hupokea wageni, na Jumatatu huingia katika mhadhara akiwa na madeni ya wiki mbili. Ndugu zetu, tumsamehe mtu huyu. Rambirambi yake ifikishwe na mwengine, zawadi yake ipelekwe na mkewe, na asiulizwe. Sisi wenyewe tuliomo katika matawi ya Chama tunayo sehemu yetu. Tumekuwa wepesi mno kumchagua msomi kuwa katibu wa kila kamati, eti kwa sababu anaandika vizuri. Katika mwaka wake wa kwanza wa udaktari mtu huyo asipewe hata kazi ya kuandika kumbukumbu.

Kwa mwanamke mzigo huu ni maradufu. Muuguzi aliyeolewa, mwenye mtoto anayenyonya, anapopata nafasi ya kusoma udaktari hukutana kwanza na baraza la ukoo, ambalo humwuliza mumewe na si yeye. Akiruhusiwa, hurudi nyumbani jioni kutoka katika maabara na kukuta chakula hakijapikwa na watoto hawajakoga, na huanza kusoma pale wengine wanapolala. Nchi yetu ina mama wengi ambao hawataki kupimwa na daktari mwanamume, nao wana haki ya kutotaka. Kama tunataka madaktari wanawake, basi waume wajifunze kupika wali kwa miezi michache. Si kazi ngumu, na wavuvi wetu huifanya dago kila msimu bila ya kulalamika. Na vyuo viwe na chumba kimoja, chenye mlango unaofungika, ambamo mama anaweza kumnyonyesha mtoto wake kati ya mihadhara miwili.

Tunafika sasa kwa maofisa, na hapa tutasema bila ya kuzunguka. Mtumishi anayekwenda kusoma huhitaji vitu vitatu kabla ya kuanza: barua ya ruhusa, uhakika wa mshahara au posho, na mahali pa kulala. Vitu hivi mara nyingine hufungana vyenyewe kwa vyenyewe. Ruhusa inangoja uthibitisho wa usajili, usajili unangoja ada, ada inangoja mfadhili, na mfadhili anataka kuiona ruhusa. Mtu mzima, badala ya kuwa darasani akisoma mifupa, yuko katika ukumbi wa ofisi na faili mkononi, akiambiwa mhusika ametoka. Wiki ya pili anaambiwa arudi wiki ya tatu. Ikiwa anatoka Pemba, kila kurudi ni nauli na ni siku mbili. Urasimu wa namna hii ulikemewa na viongozi wetu tangu siku za mwanzo za Mapinduzi, na hatuoni kwa nini uvumiliwe leo pale ambapo kinachongojewa ni daktari.

Tujue pia kwamba aliyekwisha kusoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Serikali anakuja akiwa na deni lake, na pengine makato yake yanaendelea katika mshahara ule ule anaouachia mkewe. Hatuombi deni lifutwe, kwani ni mali ya wananchi na zamu ya wengine kulitumia. Tunaomba wahusika wakae naye mara moja, kabla ya masomo kuanza, wamwambie kwa maandishi ni kiasi gani atakatwa, ni kiasi gani atapata, na mpaka lini. Mtu anaweza kuishi na kidogo. Asichoweza kukibeba hadi darasani ni wasiwasi wa kutojua mwezi huu watoto watakula nini.

Wapo watakaosema, na wamekwisha kusema, kwamba fedha kidogo tuliyonayo itumike kwa vijana, maana mtu wa miaka 32 atatumikia muda mfupi. Hoja hii inafaa kujibiwa kwa hesabu. Aanze akiwa na miaka 32, asome mitano, akamilishe mwaka wa mazoezi. Atakuwa na miaka 38. Akistaafu kwa lazima akiwa na 60, ametupa miaka 22 ya udaktari. Sasa tuulize, ni vijana wangapi tuliowasomesha ambao hawakufika hata miaka mitano katika visiwa hivi kabla ya kutafuta kazi kwengine? Hatuwalaumu wote, na dunia ni pana. Lakini mtu mzima mwenye nyumba Wete, mikarafuu ya urithi na watoto walio skuli hapo hapo, hachukuliwi na upepo kirahisi. Na alikwisha kuonyesha, kwa miaka yake ya kazi, kwamba anaweza kukaa pale ambapo wengine hawataki kukaa. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na si wote wanaoishi karibu na Mnazi Mmoja. Wapo wa Tumbatu, wa Uzi na wa Fundo, ambao daktari wao sharti avuke maji.

Wala kusoma ukubwani si jambo geni hata kwa viongozi wetu. Dkt. Ali Mohamed Shein, aliyekuwa Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, alisoma kwanza huko Voronezh, akarudi akafanya kazi, kisha akaenda tena kusoma na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 40. Wakati ule hakuna aliyemwambia kwamba amechelewa; na kama yupo aliyemwambia, hakusikilizwa.

Tunapendekeza basi yafuatayo yafanyike kabla ya mwaka ujao wa masomo. Majina ya watumishi waliopata nafasi za udaktari yakishajulikana, wizara zinazohusika zimteue ofisa mmoja, kwa jina, atakayemaliza ruhusa na malipo yao wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kupeleka faili lake mwenyewe mlango kwa mlango. Wanaotoka Pemba na visiwa vidogo wawekewe vitanda vya dakhalia mwanzo, kabla ya wale ambao kwao ni mwendo wa daladala. Vyuo viwape wenye masomo ya zamani darasa la wiki mbili la kuzikumbuka kemia na hesabu, na la istilahi za Kiingereza cha tiba, kabla ya vijana hawajafika. Kila mmoja apewe mlezi kutoka mwaka wa tatu au wa nne, na ikiwezekana mlezi huyo awe naye aliingia akiwa mtu mzima. Na jaribio la kwanza likishasahihishwa, aliyeanguka aitwe na kuambiwa ni wapi alipoteleza, badala ya kuliona jina lake limebandikwa ukutani.

Sisi tutalifuatilia jambo hili. Wiki ya nane ya mwaka ujao wa masomo tutawauliza wahusika hesabu mbili tu: ni watu wazima wangapi walioanza wakiwa na barua zao mkononi, na ni wangapi kati yao walioingia katika jaribio la pili. Tunaomba hesabu hizo ziwe tayari.